Mwaka Nilioiandika Upya Programu ya Mbu

Desderi tulimzika Jumanne, kijijini Namawala, mvua ikiwa imetuhurumia kwa muda wa saa mbili tu. Baada ya maziko tulipewa wali na maharage chini ya turubai, nikajikuta nimekaa na kijana mmoja mpole anayefanya kazi kwenye kituo cha utafiti tulichofanyia kazi mimi na marehemu. Aliponiuliza nilikuwa nafanya nini pale zamani, nikamwambia nilikuwa karani wa takwimu na kwamba mwaka mmoja niligombana na wakubwa kwa sababu nilitaka programu ya kompyuta isomeke na watu. Akatabasamu kwa heshima. “Lakini mama, siku hizi hilo ni jambo la kawaida. Mbona programu zote zinasomeka?” Nikamwambia namshukuru Mungu. Nilirudi nyumbani Mlabani, Ifakara, nikiwa na hasira ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri wangu. Jambo likishakuwa la kawaida, watu husahau kwamba kuna aliyeitwa mwendawazimu kwa ajili yake. Kwa hiyo naandika. Sitaanza na kuzaliwa kwangu wala shule niliyosoma, maana hayo hayakunifanya niwe nilivyo. Kilichonifanya ni mwaka ule mmoja, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na ulianza kwa andazi.

Kituo kilikuwa na banda la chai, paa la bati na mabenchi mawili, ambapo wategaji mbu walipumzika asubuhi wakitoka vijijini na vikombe vyao vya mbu waliowakamata usiku kucha. Desderi alikuwa mkubwa wao, mtu wa miaka arobaini hivi, Mndamba mwembamba mwenye sauti ya kwaya, aliyemaliza darasa la saba na tangu hapo hajaacha kusoma chochote chenye maandishi, hata mifuko ya mbolea. Mama aliyetuuzia maandazi aliyafunga kwenye karatasi zilizotupwa na ofisi yetu. Asubuhi hiyo Desderi alimaliza andazi lake, akaikunjua karatasi, akaifuta mafuta kwa kiganja na kuitazama kwa muda mrefu. “Dada Skola,” akaniita, “hii siyo ile programu yenu? Ile inayosema mbu wetu watakuwa wangapi na watu wangapi wataugua?” Nikamwambia ndiyo, ni kipande chake. “Basi soma, inasemaje?” Nikaishika ile karatasi. Mistari ile niliiandika kwenye kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe, nikinakili masahihisho ya Dokta, bosi wangu. Ilikuwa na vitu kama PIN na XK2 na GOTO 140. Nikaigeuza juu chini, nikamrudishia. Wategaji wote walikuwa wananitazama. Desderi hakunicheka, aliikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. “Kumbe hata nyinyi hamjui,” akasema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi.

Nieleze kidogo ile programu ilikuwa nini, maana bila hivyo ugomvi wetu utaonekana wa kitoto. Ilikuwa bonde zima la Kilombero ndani ya kompyuta. Iliigiza mvua inavyonyesha, majaruba ya mpunga yanavyojaa maji, mbu wanavyozaliwa, wanavyouma na kufa, siku baada ya siku kwa miaka kumi, kisha ikatoa ramani ya mahali ugonjwa utakapokuwa mwingi. Kwa ramani hiyo, wakubwa wangeamua vyandarua vipelekwe wapi. Iliandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta yenye masharti kama ya bweni la watawa: mstari uanzie nafasi ya saba, usipite nafasi ya sabini na mbili, na jina la kitu lisizidi herufi sita. Ndiyo maana kila kitu kilikatwa mkia, kikabaki kifupi kama namba za wafungwa. Ilikuja kutoka ng’ambo, imepita mikono ya maprofesa kadhaa, na kila mmoja aliongeza chake bila kugusa cha mwenzake.

Mwenye programu hiyo hapa kwetu alikuwa Dokta Evelina. Ningependa kumchora kama mtu mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi, lakini hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona akiamrisha chumba cha wanaume bila kupandisha sauti. Chumba chenyewe cha kompyuta kilikuwa ufalme wake: pazia zito la bluu, kiyoyozi kikinguruma, viatu vinavuliwa mlangoni, na baridi kiasi kwamba nilivaa sweta huku nje watu wakipepea kwa kanga. Meza yake na yangu zilitenganishwa na ukuta wa plaiwudi. Nilimsikia akikohoa, akipiga simu, akijisemea hesabu kwa Kiingereza. Alinifundisha mengi, na kwa ukali. Nilimheshimu, na bado namheshimu, na yote nitakayosema hapa nimeyasema huku nikijua hilo.

Siku chache baada ya lile andazi nilifanya jaribio langu la kwanza, na lilikuwa aibu tupu. Kulikuwa na kitu kiitwacho POUT, ambacho kilimaanisha sehemu ya mbu wanaouma nje ya nyumba. Nikajisemea, kwa nini nisikiite NJE? Herufi tatu tu, na kila mtu anaelewa. Nikabadilisha kila mahali, nikaendesha programu, nikampelekea Dokta majibu. Aliyatazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akavua miwani. “Hongera, Skolastika. Umetokomeza kuumwa nje katika bonde zima kwa herufi moja.” Kumbe katika lugha ile, jina lolote linaloanza na herufi kati ya I na N huhesabiwa kuwa namba nzima isiyo na desimali. Nilichokiita NJE kilikuwa sifuri nukta tatu. Kompyuta ikakata hiyo nukta tatu na kubaki na sifuri, kimya kimya, bila kulalamika. “Ndiyo maana tunaheshimu sarufi,” Dokta akasema. “Sarufi haikusubiri wewe uzaliwe.”

Nilirudi kwenye kiti changu masikio yakiwa ya moto. Lakini nilichojifunza siku ile sicho alichotaka nijifunze. Nilijiuliza, ni sarufi gani hii ambayo mtu akiita kitu kwa jina lake la kweli anaadhibiwa, tena kwa siri? Mbu, Maji, Nyumba, Jaruba, Kijiji, Lala: karibu kila neno nililolihitaji kulielezea bonde langu lilianza na herufi ambazo lugha ile ingezikata. Najua haikukusudiwa dhidi yetu. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wa hesabu mbali kabisa, wala hawakuwahi kusikia jaruba. Mguu ukikanyagwa unauma hata kama aliyekukanyaga hakukuona. Nikaamua nitatengeneza sarufi nyingine, ya kukaa juu ya ile ya zamani. Mtu ataandika sheria za mbu na watu kwa maneno yanayosomeka, na programu yangu ndogo itazigeuza kuwa Fortran, ili kompyuta iendelee kula chakula ilichozoea.

Nilifanya kazi hiyo saa ya chakula, Dokta alipokwenda kula kwake. Nilikuwa na kitabu kinene cha Fortran kisicho na jalada, na kiporo changu cha wali na dagaa ndani ya kontena la plastiki. Sitawachosha na ufundi wake. Nitasema tu kwamba nilikuwa na mtihani mmoja: Desderi asome mstari na aniambie unasema nini, bila mimi kufungua mdomo. Nilidhani kuweka Kiswahili kungetosha. Nilimpelekea mstari wa kwanza bandani, nikijivuna: “mbu hufa = 0.1”. Akausoma, akakuna kidevu. “Hufa sehemu ya kumi. Sawa. Ya mbu wote au ya wazee? Kwa siku, au kwa mwaka?” Nikasema kwa siku, ya wote. “Mbona hujaandika?” Nikarudi chumbani nikiwa nimenuna, nikaweka sheria mpya: hakuna namba itakayokubaliwa bila kusema ni ya nini na kwa muda gani. Ukiandika namba tupu, programu inakataa. Ukijumlisha siku na hekta, inakataa na kukutajia mstari uliokosea. Siku nyingine aliniuliza kwa nini “kama” inaanza lakini haionyeshi inapoishia. Nikaweka neno la kufungia. Kila swali lake bandani liliongeza kanuni moja chumbani. Nimefundisha kompyuta kwa zaidi ya miaka ishirini tangu hapo, na vijana wakiniuliza nilisomea wapi ubunifu wa lugha za kompyuta, huwaambia ukweli, nao hudhani natania.

Nilikuwa nimepanga chumba Mlabani kwa Mama Gaudensia, mjane aliyekuwa na ua mpana na jiko la nje. Jioni tulikula pamoja mkekani, wali wake wa mpunga mpya na kambale wa kukaanga, au kisamvu cha nazi akiipata, na msimu ulipowadia, pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, unaoutafuna huku unazungumza. Nilimsimulia mambo ya kazini naye akinisikiliza kama anayesikiliza habari za vita vya nchi nyingine. Siku moja aliuliza, “Mwanangu, hiyo kompyuta imewahi kulima?” Nikasema haijalima. “Basi mwambieni anayejua kulima aitazame.” Alisema hivyo akichambua miiba ya samaki, wala hakuona amesema jambo kubwa.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, njia ya Namawala ni tope tupu. Desderi aliingia bandani amelowa mpaka kiunoni, vikombe vyake vya mbu vikiwa nusu tu. Nilimpa karatasi mpya, ukurasa wa tisa wa programu, sehemu ya watu. Mwanzoni mistari ile ilikuwa imeandikwa DO 40 K=1,365, na chini yake, PIN(K)=1.0. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeigeuza bila kuifikiri. Desderi akasoma kwa ile sauti yake ya kwaya, ili wenzake wasikie: “Kwa kila siku ya mwaka: sehemu ya watu wanaolala nyumbani ni wote.” Akasoma tena, polepole. Kisha akaanza kucheka, na wategaji wengine wakacheka, mmoja akamwaga chai.

“Nani hao?” Desderi akauliza. “Dada Skola, hawa watu wanaolala nyumbani kila siku ya mwaka, wanaishi wapi?”

“Ndiyo watu wa bonde. Namawala, Mofu, wote.”

“Mwezi wa nne?”

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Akaniambia usiku ule alikwenda kutega kwenye nyumba saba, akakuta tano zimefungwa kwa kamba. Watu walikuwa mashambani, kama kila mwaka, tangu mpunga unapochanua mpaka unapovunwa. Walilala madunguni, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti katikati ya mpunga, visivyo na kuta za maana, wakilinda ndege mchana na nguruwe pori usiku. Baba, mama, na watoto wadogo wasioweza kuachwa. Miezi ambayo mbu ni wengi kuliko yote, watu walikuwa katikati ya maji yenyewe, na programu yetu ilikuwa imewafungia nyumbani, ndani ya vyandarua, salama. “Halafu mkagawa vyandarua kwa kuhesabu vitanda,” Desderi akasema. Hakuwa ananicheka tena. “Dunguni hakuna kitanda.”

Mimi ni mtoto wa bonde hili. Nimelala dunguni utotoni. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo nikilikumbuka: nilikuwa nimeandika mstari ule mara tatu kwa mikono yangu, na sikuuona, kwa sababu ulikuwa umevaa PIN(K). Watu husema lugha ya kompyuta ni suala la ladha tu, huyu anapenda hivi na yule vile. Mimi sikubali. Uongo ule ulikaa miaka mingi mbele ya macho ya wasomi, na ulidumu nusu saa tu mbele ya mtu wa darasa la saba, mara tu ulipoandikwa namna ambayo angeweza kuukana.

Nilimpelekea Dokta siku hiyohiyo. Nilimwambia shikamoo, nikasimama, nikaeleza. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu. “Hiyo ni dhana ya kurahisisha,” akasema. “Kila programu ya aina hii ina dhana zake.”

“Sawa, Dokta. Ulijua kwamba imo?”

Alizungusha kalamu vidoleni, na nikajua hakujua. “Programu hii imepita mikono ya maprofesa wanne,” akasema mwishowe.

“Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala dunguni.”

“Toka, Skolastika.”

Nilitoka. Baadaye, nikiwa kwenye meza yangu, nilimsikia kupitia plaiwudi akizungumza kwenye simu na mtu aliyemwita profesa. Akawa anacheka kicheko ambacho hakikuwa chake. “Nina karani hapa, anaiandika upya sayansi kwa Kiswahili. Hapana, kweli kabisa.” Kisha sauti ikashuka. “Najua yuko sahihi. Ndiyo maana wageni hawataiona. Wakiiona watasema huku Ifakara tunacheza.” Nilibaki nimeshika kibodi bila kuigusa. Ningeumia kidogo kama angeniita mjinga. Lakini alikuwa ananiona sahihi, na alikuwa anaogopa, na ule woga ndio nilioukataa. Nikachapa programu nzima kwa sarufi yangu, kurasa thelathini na moja, nikazibandika moja baada ya nyingine kwenye ubao wa banda la chai, na kando yake nikafunga kalamu nyekundu kwa uzi.

Kwa wiki mbili banda lile likawa darasa. Wategaji walisoma wakinywa chai. Mpishi alisoma. Dereva wa kituo, mtu wa Mahenge, alisahihisha siku ambazo majaruba ya juu hukauka. Mwingine aliandika tu “uongo” kandokando ya mstari wa mvua, akaulizwa kwa nini, akaeleza, na alikuwa sahihi nusu. Walikosea pia, tena mara nyingi. Desderi mwenyewe aliwahi kusahihisha mstari uliokuwa mzuri, nikabishana naye mpaka akakubali. Lakini walikuwa wanakosea ndani ya jambo lenyewe, wameingia mlangoni. Siku Dokta alipopita na kuziona, alizibandua zote kwa mikono yake, bila kuchana hata moja, akaziweka mezani pangu zikiwa zimepangwa. “Wageni wanaogawa vyandarua wanakuja mwezi wa nane kuchukua ramani,” akasema. “Futa hiki kitu kwenye kompyuta yangu.”

“Sifuti, Dokta.”

“Ni amri.”

“Nimesikia. Sifuti.” Nikaziingiza zile kurasa kwenye droo yangu.

Mkutano ulifanyika ukumbini, mezani kumetandikwa kitambaa cheupe. Mimi sikualikwa kuzungumza; nilikaa pembeni kubadilisha picha ukutani Dokta aliponipa ishara. Desderi alialikwa kueleza mitego, dakika tano. Ramani ilipotokea, vijiji vikiwa na rangi nyekundu na mashamba yote kando ya mto yakiwa meupe kama hayana mtu, Dokta akaeleza kwamba vyandarua vya majumbani vingetosha. Zamu ya Desderi ilipofika, alisimama, akawasalimia wageni wote kwa heshima, akaeleza mitego kwa dakika mbili. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Sikumtuma. Naapa mpaka leo sikumtuma. “Naomba kusoma sheria moja ya programu hii,” akasema, na akasoma: kwa kila siku ya mwaka, sehemu ya watu wanaolala nyumbani ni wote.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, aliyezaliwa upande wa Ulanga. Alitabasamu kwanza, kama aliyesikia utani. “Mimi mwenyewe ndugu zangu wote huwa shamba mpaka mwezi wa sita,” akasema. Kisha tabasamu likaondoka. “Hiyo karatasi inatoka wapi?”

Dokta Evelina angeweza kusema haijui. Angeweza kusema ni mchezo wa karani, na wangemwamini yeye. Alitembea mpaka kwa Desderi, akaipokea karatasi, akaisoma kimya, na nilivyomtazama midomo ikicheza nilijua ni mara ya kwanza anaisoma kweli. “Inatoka kwenye programu yangu,” akasema. Halafu akanigeukia. “Skolastika, unaweza kuibadilisha sasa hivi?” Nikasema naweza. Nilibadilisha mstari mmoja kuwa mitatu, Desderi akinitajia mwezi wa kwenda shamba na mwezi wa kurudi, na programu ikaendelea kukokotoa wageni walipokuwa wanakula wali na kuku. Sikula. Tuliporudi ukumbini, ramani mpya ilikuwa nyekundu kando ya mto, kuanzia Mofu na kuendelea, mahali palepale palipokuwa peupe asubuhi.

Msomaji atategemea sasa niseme nilishangiliwa. Ripoti iliandika kwamba programu “iliboreshwa”. Jina langu halikuwemo, wala la Desderi, wala neno moja juu ya namna kosa lilivyoonekana. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya onyo kwa kukaidi amri. Mwezi wa kumi na mbili, mkataba wangu ulipokaribia kwisha, Dokta alikuja Mlabani mwenyewe, Jumamosi mchana, na Mama Gaudensia akamtengea kiti na sahani kabla hata hajasema kilichomleta. Alikula perege na mchicha, akashukuru, akanawa. Kisha akanionyesha karatasi. Mkataba mpya ulikuwa tayari, na pamoja nao barua ambayo nilitakiwa kuisaini, nikikiri kwamba nilichotengeneza hakikuwa kazi ya kisayansi na kwamba nitakifuta.

“Unajua nilisoma ng’ambo miaka sita,” akasema, akitazama ua. “Siku ya kwanza maabara niliulizwa kama kwetu tuna umeme. Nikaapa kwamba programu yangu itakuwa ngumu kusoma kama zao, hata zaidi, ili asiwepo wa kuniuliza tena. Wewe ukaja ukaifanya isomwe na muuza maandazi.”

“Pole sana, Dokta,” nikasema, na nilimaanisha. “Lakini waliokutesa hawapo hapa. Sisi ndio tupo.”

“Saini, Skola. Una akili. Nitakupeleka kusoma.”

Hakuwahi kuniita Skola kabla ya siku ile. Niliitazama kalamu yake muda mrefu. Nilikuwa sina kazi nyingine wala matumaini ya kuipata, na nilijua kusoma ndiko nilikokutaka kuliko kitu chochote. Nikamwambia kosa langu lolote nitaliomba msamaha: kukaidi, kubandika karatasi bila ruhusa, hata ulimi wangu. Lakini sitaandika kwamba haikuwa sayansi. Aliikunja barua mara mbili, akaitia mkobani. Mlangoni aligeuka, akawa kama anataka kusema jambo, akaniaga tu. Hatukuonana tena. Nasikia yupo, amestaafu, na wengine wakisoma haya watasema ningemwacha apumzike. Nimemwacha. Sijaacha jambo lenyewe.

Lugha yangu haikuenea. Nalisema kabla hujauliza. Hakuna chuo kinachoifundisha. Baadaye zilikuja lugha nyingine nzuri, zenye majina marefu na mistari inayosomeka, zilizotungwa na watu ambao hawakuwahi kunisikia, nami nazifundisha hapa Mlabani kwa furaha. Haikuhitaji kuenea ili iwe kweli. Na bado naona vijana wanaandika x1 na tmp2 katika lugha hizohizo nzuri, nami huwarudisha vitini: andika ni nini, ya nani, kwa muda gani. Wananiita mama mkorofi. Sawa.

Vyandarua vilipelekwa mwezi wa tatu, mpunga ukiwa umeanza kuchanua. Mimi sikuwa mfanyakazi wa mtu tena, lakini Desderi alipita Mlabani asubuhi akiwa na baiskeli mbili akaniuliza kama nataka kwenda kuona. Tulifika Mofu jua likiwa kali, tukaacha baiskeli mahali njia ilipozama, tukatembea kwenye matuta ya majaruba tukiwa na vyandarua mabegani. Vilikuwa vimeshonwa upya, vipana, na vitanzi vinne vya kufungia kwenye miti. Kwenye dungu la kwanza kulikuwa na mwanamke wa umri wangu, mtoto mgongoni, anatupa madongo kwa kombeo kufukuza ndege. Alitutazama tukija kwa mashaka yote ya dunia.

“Hodi, mama. Tumeleta chandarua,” Desderi akasema.

“Cha nyumbani nilishapewa mwaka juzi.”

“Hiki ni cha huku huku.”

Akashuka ngazi, akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakinusa. “Hakuna mtu aliyewahi kuleta kitu huku. Mmejuaje kama tunalala hapa?”

Nilimtazama Desderi. Alikuwa amekwishapanda dunguni, anafunga kitanzi cha kwanza kwenye mti, jasho likimtiririka shingoni.

“Tulisoma mahali palipoandikwa kwamba hampo,” akasema bila kugeuka. “Tukakataa.”

Mwanamke akacheka, akanikabidhi kombeo na kunionyesha upande ndege wanakotokea, kisha akapanda kumsaidia kufunga.